Wapagazi wa Kisaki: somo kuhusu waliopotea bila jina



Kule pwani, mvuvi akitoka na ngalawa wakati wa vita asirudi, nyumbani hawana kaburi la kupalilia. Sisi wa Morogoro tuko mbali na bahari, lakini Kisaki tunao waliopotea namna hiyo, tena wengi. Ni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Septemba 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, upande wa Waingereza, yalipita kandokando ya milima ya Uluguru na kuishambulia Kisaki, ambako Wajerumani walikuwa na akiba ya chakula. Wajerumani wakarudi nyuma hadi mto Mgeta, pande mbili zikakaa zikitazamana mpaka Januari 1917. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yakazama kwenye tope, na mizigo ikabaki kichwani mwa watu. Walikuwa wakulima, wafugaji, wavuvi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Unga walipewa, lakini muda wa kuupika haukutosha, na ugali usioiva uliwaletea kuhara. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa kufikia 95,000.

Hapo ndipo penye somo. Mpagazi alipewa namba. Jina lake, kama liliandikwa, mara nyingi liliandikwa na karani asiyejua lugha yake. Vita ilipokwisha, ujira wa marehemu wengi haukulipwa kwa kuwa warithi hawakupatikana, na fedha zikabaki serikalini. Mjane alikosa mume, akakosa na jasho la mume.

Kapteni Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, aliuawa Beho Beho, kusini mwa Kisaki, tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lina jina hadi leo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. (Hatumwonei wivu marehemu.) Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa marehemu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa.

Nasi tusijitoe. Tulipopitia taarifa za mradi wetu mmoja tulikuta idadi ya walengwa imeandikwa vizuri, majina hayapo. Mfadhili aliridhika na idadi, nasi tukaridhika. Mlengwa mmoja alipofariki, hatukujua mbuzi akabidhiwe nani.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati iwe na daftari lenye jadala gumu: jina la mtu, la baba yake, kitongoji, na mrithi aliyemtaja mwenyewe. Na mkikutana na mzee anayekumbuka jina la babu aliyekwenda kubeba mizigo asirudi, liandikeni kurasa za mwisho, kama anavyolitamka yeye.