Bia ya Ngano Ipi kwa Mlo wa Saa Nne?

SWALI: Mimi ni Mchagga niliyeolewa na Mjerumani, na tunaishi Munich. Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, wakwe zangu watakuja kula pamoja na mama na kaka yangu, wanaotutembelea kutoka Moshi. Baba mkwe ataleta soseji nyeupe. Mimi nitaandaa mayai, samaki aliyekaushwa kwa moshi na chapati za maji. Bia za ngano nimeachiwa mimi nichague, na dukani ziko za kila namna. Nichukue zipi? Mama hanywi pombe.
Mwenye Wageni, Munich

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kuwakutanisha wazazi wa pande zote mbili. Chagua bia kwa kuangalia kilichomo sahanini, na aina mbili zitakutosha.

Tuanze na soseji za baba mkwe. Weisswurst ni ya nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, yenye ladha ya upole. Huliwa bila ngozi yake, kwa haradali tamu na mkate wa Brezel, na desturi ya Munich inataka ziishe kabla ya kengele za saa sita mchana. Inayozifaa ni Hefeweissbier, bia ya ngano iliyoachiwa hamira yake, ndiyo maana ina ukungu. Gesi yake nyingi huondoa mafuta mdomoni, na uchungu wake ni mdogo, hivyo haifuniki nyama.

Kaka yako akiinusa atauliza ndizi zimewekwa wapi, kwa kuwa kwenu mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Humu hamna hata ndizi moja: harufu hiyo, pamoja na ile ya karafuu, hutolewa na hamira wakati bia inachachuka. Ndiyo maana viwanda hutofautiana. Weihenstephaner ya Freising, yenye kilevi cha asilimia 5.4, ni ya rangi ya dhahabu na ndizi yake husikika wazi. Schneider Weisse Original ina nguvu ileile, lakini imekoza rangi na karafuu ndiyo inayotangulia. Kwa soseji laini kama hizi, chukua Weihenstephaner. Schneider itakufaa siku ya nyama choma.

Kwa mayai na samaki, nunua witbier ya Ubelgiji. Hutengenezwa kwa ngano isiyooteshwa, ikatiwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Katika mji wa Hoegaarden aina hii ilitoweka kiwanda cha mwisho kilipofungwa mwaka 1957, hadi Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, alipoifufua katikati ya miaka ya 1960. Hoegaarden ina asilimia 4.9, ni nyepesi, na uchachu wake mdogo hufanya kazi ya limau juu ya samaki.

Kristallweizen, iliyochujwa hamira, inaburudisha lakini mbele ya soseji inapwaya. Dunkelweizen, ile nyeusi, ina ladha ya ganda la mkate na inapendeza kwa chapati za maji zenye asali. Iongeze tu kama fedha inaruhusu.

Kumimina nako kuna utaratibu wake. Poza bia hadi nyuzi 7 au 8. Suuza glasi ndefu ya nusu lita kwa maji baridi, iinamishe, umimine polepole ubavuni mwake. Hefeweissbier ibakize kidogo chupani, zungusha chupa mpaka hamira iliyotulia chini ichanganyike, kisha malizia kumimina. Ukiiacha hamira hiyo chupani, mgeni atakosa sehemu kubwa ya ladha.

Sasa mama. Bia ya ngano isiyo na kilevi inapatikana kwa urahisi huko, lakini Ujerumani chupa yenye neno alkoholfrei inaweza kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5. Mweleze kabla hujamimina, aamue mwenyewe, akikataa, asibembelezwe. Chai ya tangawizi iwe mezani tangu wageni wanapoketi, ili asisubiri kutengenezewa cha kwake wakati wenzake wanakunywa. Wengine chupa moja kila mtu inatosha kwa asubuhi, na atakayeendesha gari kurudi nyumbani mpe hiyo isiyo na kilevi.