Dondoo Muhimu: Kuiaga Istanbul Baada ya Masomo

• Anza na karatasi. Chukua cheti na matokeo yenye mhuri, funga akaunti ya benki, dai amana ya chumba.

• Panda feri ya Eminönü kwenda Kadıköy jioni. Unavuka toka Ulaya hadi Asia kwa nauli ya kila siku. Beba simit, mkate wa duara wenye ufuta; shakwe watakusindikiza.

• Omba radhi. Mwambie mwenye duka na jirani “hakkını helal et”. Ni kuhalalishiana, kama kwetu.

• Gawa vizito. Blanketi na sufuria mwachie mwanafunzi mgeni. Bilauri za chai zifunge ndani ya sweta.

• Wanaokuaga wakimwaga maji nyuma ya gari lako, usishangae. Wanakuombea uende kama maji, urudi kama maji.