Homa, Kaburi na Kamusi: Maisha ya Kila Siku na Imani ya Wamisionari wa Rabai, 1844–1875

Utangulizi

Jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa katika takriban kila kozi ya historia ya Kiswahili, aghalabu kwa sentensi mbili tatu: kwamba alifika Mombasa mwaka wa 1844, kwamba alichapisha sarufi mwaka wa 1850, na kwamba kamusi yake ilitoka mwaka wa 1882. Baada ya hapo mhadhara husonga mbele hadi kwa Askofu Steere wa Unguja, na kutoka kwa Steere hadi Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930. Kinachoachwa nje ni siku zenyewe. Kamusi haiandikwi na tarehe. Huandikwa na mtu aliyeamka asubuhi akitetemeka kwa homa, akamwita jirani, akamuuliza jina la kitu kilicho mbele yao.

Makala haya yanazichunguza siku hizo, yaani maisha ya kila siku na imani ya Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, wakiwa wageni Mombasa na Rabai. Hoja inayoongoza uchunguzi huu ni kwamba imani ya watu hawa haitengani na lugha waliyoiandika. Iliwapa subira ambayo mtaalamu asiye na imani hiyo huenda asingekuwa nayo. Na papo hapo iliwafumba macho wasiyaone baadhi ya mambo yaliyokuwa mbele yao. Anayeisoma kazi yao bila kuzingatia pande zote mbili huisoma nusu.

Kaburi upande wa bara

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Alipata mafunzo ya umisionari mjini Basel, kisha akatumwa na shirika la Kianglikana la CMS, ambalo wakati huo liliwategemea sana vijana wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Kituo chake cha kwanza hakikuwa Mombasa bali Uhabeshi, alikofika mwaka wa 1837. Huko alivutiwa na Waoromo, na tumaini la kuwafikia halikumtoka hata baada ya njia ya Shoa kufungwa. Kwa hakika, alikuja pwani yetu akitafuta mlango wa nyuma wa kuingilia kwa Waoromo. Kiswahili hakikuwa shabaha yake ya kwanza, kilikuwa njiani.

Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe, Rosine. Seyyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akimweleza kuwa mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Haya yanastahili kutiliwa mkazo: mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hii aliingia kwa hisani ya mtawala Mwislamu, na bila hisani hiyo asingepata hata chumba cha kulala. Kufikia Mei mwaka huo alikuwa amehamia Mombasa, na Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo.

Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike akiwa mgonjwa, akafa baada ya siku chache. Mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hajiwezi. Mama na mtoto walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Hawakuwa wa kwanza, kwani mtoto mwingine alikuwa amekufa safarini Uhabeshi.

Barua aliyoiandikia kamati ya London baada ya msiba huo imenukuliwa mara nyingi katika historia za makanisa. Maana yake kwa ufupi ni kwamba kaburi hilo la pekee katika pwani ya Afrika Mashariki liwe ishara kuwa mapambano na sehemu hii ya dunia yameanza, na kwamba ushindi wa Kanisa hupitia juu ya makaburi ya watu wake. Msomaji wa leo huenda akaona ugumu wa moyo katika kauli hiyo. Tafsiri hiyo haitoshi. Krapf alilelewa katika uchaji wa Kijerumani ulioufanya msiba kuwa maandishi ya Mungu yanayopaswa kusomwa. Mtu wa malezi hayo hamuulizi Mungu kwa nini; humuuliza amaanisha nini. Lakini pia si haki kuificha lugha ya vita iliyomo katika faraja yake. Nchi iliyomkaribisha kwa barua ya Seyyid na kwa shimo la kaburi imegeuzwa uwanja wa mapigano. Sitiari hiyo ilirithiwa na wengi waliomfuata.

Kadhi na kitabu cha Mwanzo

Katika kazi ya tafsiri Krapf alisaidiwa na Ali bin Muhiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Hebu picha hiyo itazamwe kwa utulivu. Mwanachuoni wa Kiislamu, aliyebobea katika Kiarabu na sheria, ameketi na padri wa Kijerumani ambaye bado anajikwaa katika ngeli, na wote wawili wanatafuta Kiswahili cha kueleza kuumbwa kwa mbingu na nchi. Kisa cha Adamu na Hawa hakikuwa kigeni kwa kadhi. Alikijua kwa njia ya kitabu chake. Ugeni ulikuwa wa Krapf, na ulikuwa katika lugha.

Matokeo ya vikao vya namna hiyo yamo vinywani mwa kila Mkristo anayesali kwa Kiswahili. Malaika, nabii, dhambi, toba, roho, neema, sala, Injili, Zaburi, shetani: msamiati huu wote ulikwisha kukomaa katika dini ya Kiislamu kabla mmisionari hajashuka jahazini. Hata kanisa na msalaba zina asili ya Kiarabu. Penye maneno ya Kibantu kama vile neno na mwokozi, wamisionari waliyatumia. Penye pengo kabisa, kama katika ubatizo, waliagiza Ulaya. Kwa hiyo Ukristo wa Kiswahili haukuanza kwa kuzua lugha ya dini. Uliazima iliyokuwepo. Sura za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, na ni nadra jina la kadhi kutajwa zinapozungumziwa.

Jambo lisilofurahisha ni kwamba Krapf huyohuyo, aliyeketi na kadhi, alishikilia kuwa Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi na si kwa hati za Kiarabu zilizokuwa zikitumiwa na Waswahili. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa ya kidini: alihofia kwamba hati za Kiarabu zingeupa Uislamu nafasi zaidi ya kuenea bara. Zipo pia sababu za kiisimu za kuiunga mkono hati ya Kirumi, na walimu wengi huzitaja hizo pekee, hususan suala la irabu. Kuzitaja hizo pekee ni kuipamba historia. Uamuzi huo ulifungua mlango wa vitabu vya bei nafuu na shule nyingi. Uliwafungia wanafunzi wa baadaye tenzi zilizoandikwa kwa hati ambayo wengi wao leo hawawezi kuisoma. Ajabu ni kwamba Krapf aliithamini hazina hiyo: alikusanya miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani, ambako ilihifadhiwa mjini Halle.

Punda mmoja Rabai

Rebmann alifika Juni 1846, na miezi miwili baadaye wawili hao walihamia Rabai Mpya, penye jina la Kisulutini. Walipanda vilima wote wakiwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Wakawa wanampanda kwa zamu. Krapf aliona katika udhaifu huo jambo la kumshukuru Mungu, kwa kuwa kazi isiyo na nguvu za mwanadamu ndani yake haiwezi kusifiwa kuwa ya mwanadamu. Wazee wa Rabai, ambao kaya yao haikuwa mbali, walikuwa wamewakubali wageni hao na kuwapa mahali pa kujenga.

Maisha waliyoishi pale hayakuwa ya mahubiri makubwa. Yalikuwa ya kujenga kwa mikono yao, ya kuugua, ya kufundisha watoto wachache ambao leo walikuja na kesho hawakuja, ya kuketi na wazee na kuzungumza. Krapf aliyalalamikia mara nyingi tembo ya mnazi, asitambue vya kutosha kwamba ndiyo iliyofungulia mashauri, mahari na matambiko. Humo pia alikutana na Mulungu, jina ambalo Mijikenda walilitumia kwa Mwenyezi na ambalo halikuwa mbali na maana ya mbingu. Swali la iwapo huyo ndiye aliyekuja kumhubiri lilihitaji fikira nyingi kuliko msamiati wowote wa Mombasa.

Waumini walikuwa wachache mno. Wa kwanza kukumbukwa ni Mringe, kilema aliyebatizwa karibu na kifo chake. Kwa hesabu ya kawaida, miaka ya Rabai ni miaka ya hasara. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo kulichapishwa Injili ya Luka kwa Kinika, kama kilivyoitwa wakati huo, huko Bombay mwaka wa 1848. Kukatoka sarufi ya Kiswahili mjini Tübingen mwaka wa 1850, pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Mtu ambaye hasikilizwi ana wakati mwingi wa kusikiliza.

Safari nazo zilikuwa sehemu ya siku hizo. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Kitui mwaka wa 1849. Wanajiografia wa Ulaya walikataa kuamini kwamba pana theluji karibu na ikweta. Safari inayoieleza zaidi imani ya Krapf ni ile ya 1851, alipofuatana na Kivoi, kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Msafara ulivamiwa karibu na Mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alipotelea nyikani peke yake. Alipopata maji mtoni hakuwa na chombo, akayajaza katika mitutu ya bunduki yake na katika ala ya ngozi ya darubini. Katika masimulizi yake, kila kichaka kilichomficha kinahesabiwa kuwa majaliwa. Inafaa kukumbuka kwamba aliokoka pia kwa sababu hatimaye wapo Wakamba waliompa chakula, na Mungu wa masimulizi hayo alitumia mikono yao.

Aliyebaki

Krapf aliondoka mwaka wa 1853, afya ikiwa imeharibika, ingawa alirudi tena mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Aliyebaki ni Rebmann. Alikaa kwa miaka 29. Huyu hatajwi sana, na pengine ndiye anayefaa zaidi kwa mada ya maisha ya kila siku, kwa kuwa katika maisha yake hapakuwa na kingine. Mtoto wake alifia huku, na mkewe akafa mwaka wa 1866. Mwaka wa 1864 walifika Wafrika wa Bombay, watu waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, wakaipa Rabai uhai ambao Wazungu wawili hawakuweza kuupa. Rebmann aliendelea na makaratasi yake. Alikusanya maneno ya Kinyasa kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyetolewa nchi ya Ziwa Nyasa, akitumaini kwamba siku moja mmisionari atayahitaji huko.

Sir Bartle Frere alipozuru Rabai mwaka wa 1873 alimkuta mzee aliyekaribia kuwa kipofu, amezungukwa na kamusi na Wakristo wachache. Wapo waliomlaumu kwa kuacha kuhubiri akawa mtu wa maneno. Lawama hiyo haikuelewa teolojia yake: kwa Rebmann, kulipata neno sahihi kulikuwa ndiko kuhubiri, na mavuno yalikuwa juu ya Mungu. Hata hivyo, ni vigumu kutowaza juu ya Salimini, ambaye siku zake zilitumika kujibu maswali kuhusu lugha ya kwao, na ambaye hakuna aliyeandika kama alitamani kurudi huko.

Rebmann alirudishwa Ulaya mwaka wa 1875 akiwa haoni, akaishi Korntal, Ujerumani, karibu na Krapf, na akafa Oktoba 1876. Mwaka huohuo tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa ilichapishwa. Krapf aliihariri kamusi ya Kinyasa ya mwenzake, ikatoka mwaka wa 1877, kisha akaigeukia kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili, ambayo ndani yake maneno ya Rebmann yamechanganyika na yake. Alifariki Novemba 1881. Kamusi hiyo ilichapishwa London mwaka uliofuata, katika lahaja ya Kimvita, miaka 12 baada ya Steere kutoa kitabu chake cha Kiunguja.