Dondoo muhimu: Mwizi asisome faili la mgonjwa

Kituo cha afya wilayani Iramba, Manyoni au Ikungi kinachotunza kumbukumbu kwenye kompyuta kianze na mashine inayobebwa. Kompyuta mpakato ikiibwa kwenye basi, nywila ya kuingilia pekee haitoshi: mwizi hung'oa diski na kuisoma kwingine. Washa usimbaji fiche wa diski nzima. Kwenye Windows Pro upo tayari, unaitwa BitLocker. Ufunguo wake wa dharura, tarakimu 48, uandikwe na kufungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, kamwe si ndani ya begi la kompyuta hiyohiyo! Nywila ikisahaulika na ufunguo ukapotea, hata fundi bingwa hafui dafu. Flashi na nakala rudufu nazo zisimbwe. Ulinzi huu una msingi wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.