Darasa ya Kuipimia Nafsi Kazi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kwamba kazi nyepesi huharibika upesi, kwa kuwa mtu huidharau, akaianza bila ya kuiwekea kipimo. Nami nimo katika waliokosa hayo. Miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watoto chuoni, "Someni kwa bidii," wala sikuwaambia wasome kiasi gani. Mtoto hushika ubao wake akairudia aya moja hata adhuhuri, nami nikamwita mvivu. Mmoja wao aliacha chuo kabla ya kuimaliza juzuu ya Amma. Na leo najua ya kuwa kosa halikuwa lake peke yake.

Na ajabu ni kuwa sisi Mashafii twalisomesha jambo hili katika fikihi. Mwenye kusali faradhi haimtoshi kunuia kusali tu. Lazima akusudie kitendo, na aiaini sala yenyewe, kuwa ni adhuhuri au alasiri, na anuie ufaradhi wake. Sisemi kuwa hukumu ya ibada ndiyo hukumu ya kubeba magogo. Lakini aliyezoea kuaini katika sala, mbona asiaini katika kazi yake?

Na habari ya magogo ipo. Mwaka 1975 Gary Latham na mwenziwe Baldes walieleza hali ya madereva wachukuao magogo huko Oklahoma, Marekani. Walipokuwa wakiambiwa wajitahidi tu, walipakia kama 60 katika kila 100 ya uzito ulioruhusiwa na sheria. Walipowekewa 94 kuwa ndiyo shabaha, baada ya miezi michache walifika kama 90, wala ujira haukuzidishwa.

Lakini kipimo hakimfai mtu asiyeitumai nafsi yake. Albert Bandura, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alibainisha mwaka 1977 ya kuwa limpalo mtu yakini kuliko yote ni kule kuwa amekwisha kutenda akafaulu. Maneno ya kumtia moyo hayafiki hapo. Kwa hiyo simwambii mtoto, "Utaweza," kisha nikampa ukurasa mzima. Humpa mistari mitatu, akiihifadhi huifuta kwa mkono wake mwenyewe, na kesho humpa minne. Wala hili halipingani na kutawakali: Mtume s.a.w. aliamrisha ngamia afungwe kwanza, kisha mwenyewe atawakali, ameipokea Tirmidhi.

Ila tahadhari. Ajifunzaye matamko ya herufi usimhesabie mistari, maana atakimbilia hesabu, na dhadi ataifanya dhaa. Na Fatiha ni nguzo katika kila rakaa. Huyo kipimo chake ni herufi moja itoke mahali pake, hata ikimchukua juma zima.

Yule aliyeacha chuo sasa ni baba, na mwanawe hunijia kila asubuhi. Jana alimaliza mistari mitano ya Suratu Nnabai, akaniomba wa sita. Nikamwandikia.