Malezi ya Yatima: Tunapanga Vipi, na Tunajuaje Kama Tumefaulu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, kisha akalelewa na babu yake Abdul Muttalib na baadaye ami yake Abu Talib.

Kila ifikapo Ramadhani mnaona magari yakiingia uani kwetu yamebeba mchele, sukari, mafuta ya kupikia na magodoro ya watoto wa dahalia. Twapiga picha, na baada ya Idi twawaandikia wafadhili ripoti: watoto wamelishwa, wamevishwa, wana pa kulala. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna swali moja ambalo ripoti zetu zilikuwa hazilijibu, nalo ni kama mtoto mwenyewe hali yake imekuwa bora kwa kuletwa kwetu. Hatukulijibu kwa sababu hatukuwahi kulipima. Somo la mwaka huu ni juu ya swali hilo.

Tuanze na maana ya maneno. Katika sheria ya dini yetu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mara nyingi basi yatima ana mama aliye hai, na katika fiqhi mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo, haki tunayoiita hadhana. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wakisikia "yatima" hudhani ni mtoto asiye na mtu duniani, na wakisikia "kumsaidia yatima" hudhani ni kumtoa alipo na kumpeleka kituoni.

Kafala ni kumlea mtoto wa mwingine kwa kumgharimia, kumfundisha na kumhurumia, bila kumbadilisha nasaba. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab imeamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Ndiyo maana Zayd (R.A.), aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudi kuitwa Zayd bin Haritha. Mtoto wa kafala harithi kwa nasaba, lakini mlezi anaweza kumuusia mali isiyozidi theluthi. Na akishabaleghe, hukumu za umahramu zinamhusu, isipokuwa kama alinyonyeshwa katika nyumba ile kabla ya kutimiza miaka miwili, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kwa kunyonya mara tano kamili. Familia inayotaka kuchukua mtoto mchanga ingefaa iulize suala hili mapema, kabla mtoto hajafika miaka kumi na mbili na nyumba ikaanza kuwa na dhiki.

Kwa upande wa serikali kuna malezi ya kambo, yaani mtoto kuwekwa kwa muda katika familia isiyo yake chini ya uangalizi wa afisa wa watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala kwa jina lake pamoja na malezi ya kambo. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, nayo imeitaja kafala. Hivyo basi mtu asije akawaambia kwamba mambo haya ni ya ofisini tu na hayatuhusu watu wa madrasa.

Mwaka huohuo wa 2022 serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kubadilisha malezi ya watoto walio nje ya familia zao. Umesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kuzuia mtoto asitenganishwe na familia yake, kwa kuitia nguvu familia hiyo. Ya pili ni malezi mbadala kwa yule ambaye kweli hana pa kukaa. Ya tatu ni kutafuta jamaa za watoto walioko vituoni, kuwarudisha, na kuvigeuza vituo vyenyewe viwe vya kuhudumia familia. Angalieni mpangilio wake: kituo hakikutangulizwa. Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 juu ya malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Ikiwa shida ni karo na unga, basi kinachotakiwa ni karo na unga.

Hapo ndipo kupanga kunapoanza. Mwenye kupanga vibaya huuliza: tuna vitanda vingapi, tunaweza kuchukua watoto wangapi? Mwenye kupanga vizuri huanza mitaani. Ni watoto gani wana shida, na shida yenyewe ni nini? Nani katika ukoo anaweza kumchukua huyu: bibi, shangazi, mjomba, ami? Anahitaji nini ili aweze? Kama hakuna jamaa, ni familia gani jirani zinafaa, nani atazichunguza kabla, nani atazitembelea baada? Kitabu kitukufu kina mfano ambao tunausoma kila mara bila kuuangalia kwa jicho hili. Nabii Musa (A.S.) alipotiwa mtoni, mama yake alimtuma dada yake amfuate. Dada alimwangalia kwa mbali, na watu wa Firauni walipokosa mnyonyeshaji, yeye ndiye aliyewaelekeza kwenye nyumba ya kumlea, nayo ilikuwa nyumba ya mama yake. Mtoto hakuachiliwa tu aende. Alikuwepo mtu wa kujua amefikia wapi.

Sasa tuje kwenye tathmini, na hapa tunataka mtulie kidogo, maana ndipo penye uzito.

Nchi ya Romania, mwaka 1966, mtawala wake Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba kwa sehemu kubwa, akitaka watu waongezeke. Familia maskini zikazaa watoto zisizoweza kuwalisha, na serikali ikawaambia: tuleteeni sisi. Utawala ule ulipoanguka Desemba 1989, ulimwengu ulikuta zaidi ya watoto laki moja ndani ya majumba ya serikali. Huenda kwa hesabu ya ripoti kazi ilionekana ikifanyika: watoto wana vitanda, wanalishwa kwa saa maalumu, wanaogeshwa. Lakini mlezi mmoja alikuwa na watoto wengi mno, na wengi wao hawakuwa na mtu hata mmoja waliyemjua kuwa ni wao.

Mwaka 2000 wataalamu kutoka Marekani walianza uchunguzi mjini Bucharest kwa watoto 136 wa vituo sita, waliokuwa na umri wa kati ya miezi 6 na 31. Malezi ya kambo yalikuwa haba mno mjini humo, kwa hiyo walitafuta familia 56, wakazifundisha, wakaziwekea wafanyakazi wa kuzitembelea na kuzisaidia. Nafasi hazikuwatosha watoto wote, basi ikapigwa kura: watoto 68 wakaenda katika familia, na 68 wakabaki katika utaratibu uliokuwepo. Jambo la kura liliwatia watu wengi shaka, na sisi pia tulipolisoma mara ya kwanza lilitukereketa. Lakini kulikuwa na sharti kwamba mtoto yeyote aliyebaki, ikipatikana njia ya kumtoa kituoni, asizuiwe.

Watoto wale walipofikisha miezi 54, wa familia walipata wastani wa alama 81 katika kipimo cha akili, na wale waliobaki katika utaratibu wa zamani 73. Watoto wa mji uleule ambao hawakuwahi kuingia kituoni walipata 109. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2007. Ilionekana pia kwamba waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walinufaika zaidi katika mambo kadhaa. Romania ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe katika majumba hayo, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Zitazameni tarakimu hizo tatu tena. Familia nzuri iliwasaidia watoto sana, lakini haikuwafikisha walipo wenzao. Muda waliokwisha kuupoteza haukurudi wote. Anayesema "tumngoje mtoto huyu mchanga akue kidogo ndipo tumtafutie familia" hajui anachokiahirisha.

Tofauti tunayotaka muishike ni hii. Kuna kuhesabu tulichofanya: sahani, magodoro, ziara, mikutano. Na kuna kupima kilichompata mtoto: ameongezeka uzito, anasema, anasoma, analala bila kushtuka, ana mtu anayemkimbilia anapoumia. Ofisi na madrasa hupenda hesabu ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi na haituaibishi. Lakini Aya ya 6 ya Suratun Nisaa, inapoamrisha mayatima wakabidhiwe mali zao, inatutaka kwanza tuwajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakati wa kukabidhi tuweke mashahidi. Kinachojaribiwa pale ni hali ya mtoto, na mlezi mwenyewe anawekewa ushahidi. Hiyo ni tathmini pamoja na ukaguzi.

Na katika Suratu Al Imran, Nabii Zakariya (A.S.) alipokabidhiwa Maryam (A.S.), neno lililotumika ni la herufi zilezile za kafala: kaf, fa, lam. Mnaosoma nahau angalieni neno "kullama" katika Aya ya 37. Maana yake ni "kila mara". Hakuingia mara moja na kutia sahihi. Kila alipomwingilia mihrabuni alitazama ana nini, akamuuliza yeye mwenyewe kimetoka wapi, na mtoto akajibu.

Sisi hatukuuliza. Tulikuwa na kijana mmoja, jina lake tunaliacha, ambaye kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akisimama langoni hadi alasiri. Tulidhani anangojea pilau ya wafadhili, na mmoja wetu aliwahi kumtania kwa hilo. Afisa wa watoto alipokuja kukagua aliuliza mama yake yuko wapi. Daftari letu lilikuwa na jina lake, juzuu aliyofikia na namba ya viatu vyake. La mama halikuwa na kitu. Mtoto alipoulizwa alijibu mara moja. Alimtaja mama yake, kijiji chake, na kwamba Ijumaa ndiyo siku aliyoahidi kuja. Alikuwa hana nauli. Nauli yenyewe ya kwenda na kurudi haikufika bei ya godoro moja.

Alirudi kwao baada ya mitihani, na sehemu ya fedha iliyokuwa yake hapa sasa humfikia mama kila mwezi. Hatutaki mdhani kila kitu kilinyooka. Tulipomtembelea tulimkuta amepunguza hifdhi, amesahau karibu juzuu mbili, na mwalimu wake alihuzunika hasa. Mtoto mwingine tuliyemrudisha kwa jamaa zake hakutunzwa, na lau si ziara ya pili tusingejua; sasa yuko kwa shangazi yake mwingine. Kurudisha bila kufuatilia nako ni kosa, tena huenda likazidi la kwanza.

Tangu Muharram daftari limechorwa upya. Kila mtoto ana ukurasa wake: jamaa zake na wanapoishi, sababu ya kuja, uzito na urefu, masomo, maradhi, tarehe ya kumtembelea na nani atakwenda. Safu ya mwisho ni ya maneno ya mtoto mwenyewe, yaandikwe kama alivyoyasema, bila kurekebishwa Kiswahili chake. Wanafunzi wa darasa la juu wenye hati nzuri tunawahitaji kwa kazi hiyo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya adhuhuri, na masharti ni mawili: usimjibie mtoto, na usimtangazie mtu ulichoandika.

Katika ukurasa wa yule kijana, ziara ya kwanza, imeandikwa: "Nalala na wadogo zangu. Kuna mbu. Msinirudishe."