Kurejesha Mipangilio ya Kompyuta Iliyofutwa

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aghalabu mtunzaji wa kompyuta za shule. Mipangilio ikifutwa, yeye ndiye aitwaye. Twaona basi kuwa kabla ya kumfundisha kurejesha, afundishwe kukagua nakala ya akiba.

Windows huweka mipangilio yake katika rejista. Zamani mfumo wenyewe ulihifadhi nakala ya rejista hiyo katika folda iitwayo RegBack. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, la mwaka 2018, haufanyi hivyo ila ukiamriwa. Majina ya faili yamo foldani, lakini ukubwa wa kila faili ni 0. Afuataye maelekezo ya kale, akanakili faili hizo tupu juu ya rejista iliyopungukiwa kidogo, ataipoteza yote.

Katika mazoezi ya chuoni (watoto hatuwagusishi rejista kamwe) kila mwanachuo aunde ufunguo wa majaribio chini ya HKEY_CURRENT_USER, atoe nakala yake katika faili ya .reg, kisha aifungue kwa Notepad na kuisoma. Ndipo aufute ufunguo na kuurejesha. Baadaye aongeze thamani mpya yenye jina lake mwenyewe, arejeshe tena nakala ileile, na aulizwe: mbona thamani ile ingalipo? Hapa tusiharakishe. Wengi hudhani kurejesha ni kurudi nyuma kabisa, kumbe faili hiyo huandika tu kilichomo ndani yake. Kilichoongezwa baadaye hukiacha palepale.